Siku Salgaa Ilipoenda Makumbusho

Juzi nilipita kwa mafundi wa marumaru, wale wanaokata mawe ya makaburi kando ya barabara ukitoka Nakuru mjini, na mmoja wao alikuwa amekandamiza mashine yake kwenye bamba jeupe. Mashine ikalia, vumbi likapanda, na ile harufu ikanipata: harufu ya jiwe lililoumizwa. Kama hujawahi kuinusa, ni kama mtu amewasha kiberiti ndani ya mfuko wa chokaa. Nilipiga chafya mpaka pikipiki zikapunguza mwendo. Fundi akazima mashine. "Mathe, uko sawa?" Nikamwambia niko sawa, ni vile tu nimekumbuka mtu. Akadhani nimefiwa, maskini, akaanza kunionyesha mawe yenye maua pembeni.

Nyinyi mliokulia kando ya ile barabara ya kupanda Eldoret mnaijua Salgaa ya siku zile. Malori yaliyolala pale yalikuwa mengi kuliko ng'ombe wa Bonde la Ufa lote. Mama alikuwa na kibanda cha chai na chapati katikati ya lojing mbili walimolala madereva, na kabla sijaota meno ya mbele ya ukubwani nilikuwa nimeshaona madereva wakipasuana vichwa kwa spana, lori la ngano likilalia gari dogo kwenye mteremko, na wanawake wawili wakimpigania mwanamume ambaye mwenyewe alikuwa amelala fofofo chini ya trela. Sisemi haya kulalamika. Tulikuwa tukiyatazama vile watoto wengine wanavyotazama katuni, chapati mkononi.

Lakini iliyonikaa ni ya mwizi wa dizeli. Walimshika asubuhi akifyonza tangi la lori kwa mpira, wakampiga kwa zamu kama watu wanaochimba mtaro, huyu akichoka anampisha mwenzake. Mama alinifunika macho kwa mwiko. Sasa mwiko una upana gani? Niliona kila kitu, upande huu na upande ule. Walipomaliza, pua haikuwepo pale inapokaa pua, na mkono mmoja ulikuwa umelala vibaya, umeelekea mgongoni. Nikauliza, "Mama, amekuwa nini?" Mama akasema, "Ni mwizi," akarudi kugeuza chapati. Basi nikajua. Hivyo ndivyo mwizi anavyokaa watu wakishammaliza.

Mama aliona nitaharibika. Shule zilipofungwa akanikabidhi kwa mdogo wake, Mjomba Wafula, ambaye alifanya kazi kwenye kampasi ndogo ya chuo kikuu upande wa Rongai, katika shamba lililokuwa la mzungu. Kazi yake ilikuwa kufungua, kufagia, kupanguza na kufunga chumba kimoja kirefu ambamo zamani walikuwa wakikaushia maua ya pareto. Huyo mzungu, uzeeni mwake, alikuwa ameacha humo vitu alivyokusanya kutoka nchi zinazozunguka Bahari ya Mediterania, za Wagiriki na Warumi wa kale: mitungi ya mvinyo, taa za udongo, kofia ya vita ya shaba nyeusi, na watu wa marumaru. Chuo kikasema ni makumbusho. Wageni walikuwa wachache kiasi kwamba nzi akiingia Mjomba alimkaribisha na kumwonyesha kila kitu. Mjomba alivaa koti jeupe kama daktari, alipaka sakafu nta mpaka ukaweza kujichana ukijitazama chini, na kila asubuhi aliwasalimia wote kwa sauti, "Habari ya kulala, wakubwa," kabla ya kufungua madirisha.

Siku ya kwanza nilisimama mlangoni nikawatazama. Walikuwa wamejipanga kuta zote mbili, weupe, uchi, wameganda. Huyu hana pua. Yule hana mikono yote miwili, imekatwa begani. Mwanamke mmoja amesimama vizuri kabisa, nguo imemkaa, lakini kichwa hakuna. Kona ile kulikuwa na uso nusu tu, kama mtu aliyekatwa kwa panga la kugawa nyama. Sikuogopa hata kidogo. Nilielewa mara moja.

"Mjomba," nikasema, "hawa wote waliiba nini?"

Mjomba Wafula hakuwa mtu wa kumharibia mwenzake mzaha. Aliegemea ufagio, akafikiri. "Yule pale ng'ombe," akasema. "Huyu mama alikuwa na tabia ya mafuta ya taa. Na huyu asiye na pua," akakigusa kichwa kimoja cha mwanamume mwenye nywele za mviringo, macho hayana mboni, "huyu ndiye alikuwa mkubwa wao."

Mimi nikaamini vile mtu anavyoamini sindano. Nikaona chuo kikuu kimefanya jambo la maana sana, kuwakusanya wezi waliopigwa, kuwakausha kama pareto na kuwapaka chokaa, ili wanafunzi wakiwaona wasiibe. Na ushahidi ulikuwa pale kwenye mitungi. Juu ya udongo wa rangi ya chungwa walikuwa wamechorwa watu weusi wembamba, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amekaa kwa amani. Mmoja amemshika mwenzake nywele na anamwingiza upanga shingoni. Mwingine amepigwa mkuki pajani, ncha imetokea upande wa pili, na damu inashuka kwa matone ya zambarau, tone tone, vile mtu anavyochora mvua. Chini ya miguu yao wamelala waliokwisha kufa, midomo wazi. Niliijua ile mitungi kama watoto wengine wanavyojua picha za ukoo wao. Nilijua nani alimkata nani. Tena nilikuwa na wale ninaowashangilia.

Jiwe moja tu halikuguswa. Lilikuwa bamba la kaburi: mwanamke ameketi kitini, mwanamume amesimama mbele yake, wameshikana mikono. Vidole vyote vipo, pua zote zipo.

"Na hawa?"

"Hao hawakuiba kitu," Mjomba akasema, na akalipanguza kwa mkono wa shati lake mwenyewe, si kwa kitambaa cha chuo. "Hao wanaagana tu."

Sasa wiki hizo uvumi ulikuwa umetushika. Watu walisema watoto wanapotea upande wa Keringet. Kuna gari jeusi lisilo na namba, kuna waabudu shetani, wanakata vichwa na kuvipeleka mahali. Hakuna aliyemjua hata mtoto mmoja aliyepotea kwa jina lake, lakini kila mtu alimjua mtu aliyemjua mama yake. Wanaume walikuwa wakikaa mbele ya lojing wakitazama barabara kwa hamu. Walikuwa wameshachoka kusubiri.

Na ni wiki hiyo hiyo Profesa, mama aliyesimamia yale makumbusho, alitaka kuwaonyesha wanafunzi wa shule moja ya mjini, waliobaki kwa masomo ya likizo, kitu cha kale cha kweli. Gari la chuo likagoma. Akapiga simu akamwambia Mjomba alete mjini kile kichwa kisicho na pua, yeye mwenyewe, kwa uangalifu. Mjomba akakizungushia blanketi, akakitia ndani ya gunia la viazi. "Hakuna mtu anashughulika na viazi," akaniambia, akijipongeza. Alisahau kwamba tunapitia Salgaa.

Boda ilitushusha kwa Mama. Mjomba akasukuma gunia chini ya benchi, akaitisha chai, akakaa na koti lake jeupe akisubiri gari la kwenda mjini. Nyuma yake kulikuwa na tanboi mmoja, msaidizi wa lori la mahindi, kijana aliyekuwa anafikiria chakula chake cha jioni. Nilimwona akiteleza mkono ndani ya gunia. Alikuwa anatafuta viazi viwili vitatu. Akashika nywele.

"Kuna mtu hapa ndani," akasema, kwa sauti ndogo sana, kama anayemwambia daktari.

Akavuta. Blanketi likafunguka, kichwa kikatoka, cheupe, hakina pua, kikadondoka mavumbini na kulala ubavu kikitutazama. Kisha Salgaa yote ikaamka. Walitoka lojing, walitoka chini ya malori, walitoka kwa kinyozi na sabuni shingoni. Naweza kuapa kwamba hata wagonjwa walitoka.

Wa kwanza kufika alikuwa fundi wa pancha, mtu mrefu mwenye mikono kama mabomba, tuliyemwita Presha.

"Boss," akamwambia Mjomba taratibu, "hii ni nini umebeba?"

"Ni kitu ya chuo. Ni sanamu. Ni jiwe."

"Ni jiwe sasa," akasema mwanamke wa mahindi ya kuchoma. "Na jana ilikuwa nani?"

"Guseni muone, ni jiwe tu."

"Hawa watu wako na dawa," akasema mwingine. "Wanakukausha mpaka unakuwa hivyo. Mmesikia anatuambia tuguse?"

Hoja iliishia hapo. Sikuona nani alianza. Niliona tu kikombe cha chai cha Mjomba kikiruka, halafu Mjomba mwenyewe hayupo kwenye benchi, yuko chini, na miguu imemzunguka. Mlio wa mtu kupigwa si kama wa kwenye sinema. Ni mlio wa kufua, nguo nzito zikipigwa kwenye jiwe, na katikati yake pumzi inatoka. Walimpiga kwa mateke, kwa mbao ya benchi, kwa mpira wa kufyonzea dizeli. Koti jeupe likawa jekundu mgongoni, kisha likawa si koti. Aliinua uso mara moja na nikaona pua yake imelala upande, na nikawaza, nasema kweli tupu, nikawaza: kumbe Mjomba pia ameiba.

Mama alipita juu ya meza. Alimpiga wa kwanza kwa kikaango chenye mafuta yanayochemka, na yule jamaa ana alama ile shavuni hadi leo, akiulizwa husema ni ajali ya lori. Wa pili alimuuma. Lakini wakamvuta nyuma kwa leso yake, na wakati huo Presha alikuwa anakuja akizungusha tairi, tairi la lori lililoisha kabisa, analisukuma kwa kiganja kama mtoto anayecheza. Nyuma yake kijana ameshika petroli kwenye chupa ya juisi. Tairi likasimamishwa. Mjomba akainuliwa kwa kola aketi, ili limwingie vizuri.

Ni hapo mwanamke wa mahindi aliponiona. "Haka katoto kalikuja na yeye," akasema, akachuchumaa mbele yangu. "Toto, usiogope. Huyu mtu wa kichwa, unamjua?"

"Namjua," nikasema. "Ni mkubwa wao."

Watu wakanisogelea. Sijawahi kusikilizwa hivyo tena maishani, hata siku niliyosoma hotuba ya kupokea cheti cha masomo ya jioni.

"Mkubwa wa nani?"

"Wenzake. Wako kule chuoni kwa nyumba ya Mjomba. Wamesimama tu. Wengine wamekatwa mikono. Kuna mama mmoja hana kichwa."

Sauti iliyotoka kwa ule umati siwezi kuiandika. Lakini mimi nilikuwa namtazama Mama, na Mama alikuwa anamtazama ndugu yake. Mama hakuwahi kukanyaga makumbusho. Alijua tu Wafula anafanya kazi ya chuo, anafagia mahali. Niliona macho yake yakimuuliza kitu pale chini, na Mjomba akijaribu kutikisa kichwa na kichwa hakitii. Miaka na miaka Mama alikana, mpaka siku moja akichambua mchele akasema tu, bila kuulizwa, "Hata mimi niliamini kidogo."

Aliamini kidogo, na bado alifungua mdomo. "Haya mchomeni," akasema, kwa sauti ya kuuza chapati. "Mkishamchoma nani atawaonyesha miili? Watoto wa watu wako huko ndani, mmesikia mtoto amesema. Wengine labda wako hai. Choma basi, Presha. Halafu uende Keringet uwaambie mama zao."

Presha alikuna shingo. Tairi likiwa limeegemea goti lake, alifikiri kwa bidii, ungeona ni kazi. "Mathe ameongea," akasema mwishowe. "Twende tuone miili kwanza. Tairi tubebe."

Lile lori la mahindi ndilo lililotubeba. Walimtupa Mjomba juu ya magunia, wakapanda wenyewe, wakapandisha tairi na chupa na kile kichwa, na Mama akapanda kwa nguvu akinivuta kama mzigo. Njia nzima alimwekea Mjomba kichwa mapajani na kumpangusa damu kwa leso, na kila lori liliporuka shimo Mjomba alitoa mlio. Mtu mmoja alimwambia anyamaze. Tanboi wa viazi alikuwa amekaa karibu nami. Aliniuliza kwa sauti ya chini kama hao wenzake wananuka. Nikamwambia hapana, wananuka pareto.

Askari wa lango alituona, akatupa rungu, akapanda juu ya mnara wa tangi la maji na hakushuka mpaka kesho yake. Presha akatoa funguo kiunoni mwa Mjomba, polepole, hata akasema pole. Mlango ukafunguka. Na hapa mtasema natia chumvi, na kweli mimi ni mtu wa kutia chumvi, lakini hili niliache bila chumvi kabisa: mlangoni kulikuwa na kipande cha zulia, na ndani sakafu ya Mjomba iling'aa kama maji. Wale watu, na tairi lao na petroli yao, walipangusa viatu. Mmoja baada ya mwingine. Mwenye kofia akaivua.

Wakaingia, na hapo miguu yao ikawa mizito. Hawakuwa wamejua kwamba watakuwa wengi hivyo. Mwanamke wa mahindi alipomwona yule mama asiye na kichwa, alijishika shingo yake mwenyewe. Kijana wa petroli alisimama mbele ya mtungi akamtazama mtu anayechinjwa, akamtazama sana, akasema, "Huyu ameshika upanga kama mtu anajua." Mwenzake akasema yule wa chini ndiye mjinga, angezunguka upande wa kushoto. Wakaanza kubishana, nusu kwa minong'ono, kuhusu mikuki. Wengine walikuwa wanatafuta watoto. Waliangalia nyuma ya sanamu, waliinama chini ya meza. Hakukuwa na mtoto isipokuwa mimi.

Presha akatoa spana ya magurudumu kiunoni. Akamgonga kifuani yule asiye na mikono. *Ting.* Akagonga kichwa kingine. Akagonga paja. Chumba kizima kilikuwa kinamsikiliza akigonga, na kila mgongo uliokuwa umenyooka ulilegea kidogo.

"Ni jiwe," akasema.

Kama Mama angenyamaza, labda wangetoka vile walivyoingia, na kofia mkononi. Lakini Mjomba alikuwa amelazwa sakafuni karibu na mlango, damu yake imeanza kutafuta njia kwenye ile nta aliyoipaka mwenyewe, na Mama hakuumbwa kunyamaza. "Ehe," akasema. "Si mmeona? Ni mawe. Presha, umepiga ndugu yangu juu ya jiwe. Nyinyi nyote wanaume wazima mmeogopa jiwe. Mimi nitawaangalia aje tena mkikaa kwa benchi yangu kula?"

Hakuna mtu anayependa kuambiwa hivyo, na mbele ya watu. Nilimwona Presha akitafuta pa kuweka macho. Hakupapata. Mtu fulani nyuma akasema kwa haraka, kama aliyepewa njia, "Lakini ni masanamu. Watu walikuwa wanaabudu hizi vitu." Na Presha akainua spana na kuishusha kwenye uso wa yule asiye na mikono.

Pua ilitoka kwanza. Ilitoka nzima, ikaruka, ikagonga dirisha. Halafu wakajiunga wote. Walipiga kwa mbao, kwa vyuma, kwa lile tairi wakilirusha kama jiwe la manati, na mitungi ilipasuka kwa mlio mtamu, samahani kusema hivyo, mlio wa sahani za harusi. Watu weusi wembamba waliokuwa wakiuana tangu kale walianguka chini vipande vipande, mikuki huku, mikono kule. Vumbi jeupe likajaa mpaka wapigaji wenyewe wakawa weupe kama waliopigwa. Na ile harufu. Yule asiye na mikono hakuwa na kitu cha kujikingia. Alisimama tu akapokea.

Mwalimu wangu wa historia wa masomo ya jioni alitueleza kwamba pua za sanamu huvunjika mapema kwa sababu zimejitokeza. Akaongeza kwamba nyingine zilivunjwa makusudi, na watu waliobadili dini au waliokuwa na hasira na mfalme. Darasa likaandika. Mimi sikuandika kitu. Nilikuwa naona ile pua ikigonga dirisha. Na kitu ambacho sikumwambia mwalimu ni kwamba siku ile nilifurahi. Nilisimama karibu na Mama na moyo wangu ukaruka kwa kila pigo, kwa sababu hata mtoto aliweza kuona kwamba kila kilichoangukia jiwe hakikumwangukia Mjomba. Pigeni, nilikuwa nasema moyoni. Ni wezi hata hivyo.

Mjomba hakuwa amelia barabarani. Sasa alianza kulia. Alikuwa anatoa sauti nyembamba, anasema, "Jamani. Jamani. Wacheni hao." Mama akamwambia alale. Hakulala. Alijigeuza kwa tumbo, akaanza kutambaa kwenye vigae vya mitungi, na tulipomkamata mguu Mama alibaki na kiatu. Presha alikuwa amefika ukutani, kwenye lile bamba la wale wawili wanaoagana. Alikuwa ameshainua spana, mikono yote miwili, macho yamejaa vumbi. Mjomba alijiinua kwa kushika ukuta, akalikumbatia lile bamba, kifua chake juu ya mikono yao iliyoshikana.

Spana ilikuwa tayari inashuka.

Mlio haukuwa wa jiwe. Wote walijua. Kila mkono uliokuwa juu ulibaki juu. Mjomba aliteleza polepole, akaacha mstari mwekundu toka uso wa mwanamke mpaka kitini, na alipofika chini damu ilikuwa inatoka nyuma ya sikio kwa mapigo, kama bomba lililopasuka. Lile bamba halikuwa na hata mkwaruzo. Nami nilisimama pale na akili yangu ndogo ikakwama. Mtu hamkingi mwizi hivyo. Na kama hao hawakuiba, na yeye hakuiba, basi waliokatwa mikono walikuwa wamefanya nini?

"Nimeua mtu," Presha akasema.

"Bado," Mama akasema. "Shika miguu."

Basi wakamshika. Walewale. Waling'oa mlango wa stoo wakamlaza juu yake, wakakimbia naye hadi kwenye lori, na kijana wa petroli akamfunga kichwa kwa shati lake. Dereva, ambaye alikuwa amempiga mateke kwa kiatu cha chuma, aliendesha lile lori kwenda Nakuru kwa namna ambayo nadhani lilipaa mahali fulani. Honi haikuachiliwa njia nzima. Wanaume walining'inia pande zote wakipigia magari mabati ya lori, wakipiga kelele, "Toka njia, tuko na mgonjwa, wewe huna ndugu?" Mmoja alishuka kwenye msongamano akamzaba dereva wa gari dogo kofi kwa kutopisha haraka. Presha alikaa nyuma akiwa ameshikilia jeraha kwa viganja vyote viwili, akabana vile alivyozoea kubana mpira unaovuja, na hakuachilia.

Hospitalini nesi alitutazama, kundi la watu weupe kwa vumbi na wekundu kwa damu. "Nani amempiga huyu?"

"Tumemuokota tu," dereva akasema.

Nesi akampeleka ndani kwa daktari, akarudi. Halafu akasema kwamba daktari atashona, fuvu limepasuka lakini ubongo haujaguswa, ila amepoteza damu nyingi na asipoongezwa sasa hivi kushona ni kazi bure. Ndugu zake wako wapi? Mama akakunja mkono wa blauzi. Akatolewa damu, haikutosha. Nesi akatuuliza tena, kuna nani mwingine.

Tanboi wa viazi ndiye alitoka mbele kwanza. Kisha kijana wa petroli. Kisha dereva, kisha yule aliyeungua shavu, akiwa bado anapulizwa na mwenzake. Walipanga foleni ukutani kimya kama watoto wa chanjo, na wale ambao damu yao ilikubali wakatolewa. Mjomba Wafula alipata nafuu, alirudi kwenye kile chumba akakaa na Profesa miezi mingi wakiunga vipande, na leo ni mzee mwenye pua iliyolala upande na sikio moja lisilosikia. Hujisifu kwamba ndani yake wamo watu wa makabila yote yanayopita Salgaa, na akikasirika husema si yeye, ni yule dereva.

Presha alikuwa wa mwisho. Alikaa kitini akanyoosha mkono wake wa kama bomba, mishipa imejitokeza mpaka nesi akatabasamu. Nesi akampangusa kwa pamba, akainua sindano, na Presha, aliyekuja na tairi, aliitazama ile sindano, macho yakageuka juu, akaanguka chini na kiti chake.

Watu wakamkimbilia kumpepea. Mama aliinuka kutoka kwenye benchi, bado ana pamba mkononi, akaenda akasimama juu yake akamtazama vizuri.

"Mwacheni hapo hapo," akamwambia nesi. "Amelala sasa. Chukua zote."